Nyaya zisizotambulika katika gari lililotumika

Nyaya zisizotambulika katika gari lililotumika ni nyaya za umeme ambazo hazikuwekwa na kiwanda kilichounda gari hilo, bali ziliongezwa baadaye, na ambazo mmiliki wa sasa hajui zinaanzia wapi, zinaishia wapi wala zinafanya kazi gani. Kwa kawaida ni mabaki ya vifaa kama redio, alamu, taa za ziada, swichi ya siri ya kuzuia wizi au kifaa cha kufuatilia gari.

Nyingi kati ya nyaya hizo hazina madhara. Chache huweza kumaliza betri, kuzima gari njiani au kuliunguza. Kwa kuwa haiwezekani kutofautisha makundi hayo mawili kwa macho tu, kanuni ya msingi ya ufundi ni kwamba waya usiojulikana haukatwi, wala hauachwi hivihivi, mpaka ncha zake zote mbili zimeonekana.

Asili

Tanzania, kama Japani, huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Ndiyo maana magari mengi madogo nchini, kama vile Toyota IST, Probox na Noah, yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Gari la aina hiyo huwa na matabaka mawili ya nyaya za ziada.

Tabaka la kwanza hutoka Japani kwenyewe. Mfano unaofahamika sana ni kifaa cha ETC, kinachotumika kulipia ushuru wa barabara kuu za huko bila gari kusimama. Mfumo huo ulianza kutumika kwa umma nchini Japani mwaka 2001. Nchini Tanzania hauna kazi yoyote, lakini kifaa huendelea kupokea umeme, na dereva husikia sauti ya Kijapani kila anapowasha gari. Vingine ni skrini za ramani, kamera, antena za televisheni na vifaa vya kuwasha injini kwa rimoti.

Tabaka la pili hufungwa Tanzania. Kwa miaka mingi redio za FM za Japani zilitumia masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Tanzania hufika hadi megahezi 108. Redio ya awali ya gari hilo hukosa vituo vingi, kwa hiyo nyuma yake huongezwa kifaa kidogo cha kubadilisha masafa, au redio nzima huondolewa na kufungwa nyingine. Baadaye huja alamu, swichi ya siri, amplifaya, spotilaiti na soketi za kuchajia simu. Gari linapouzwa, mwenye nalo huondoa vifaa vyake na kuacha nyaya, au huacha vyote bila kumweleza mnunuzi.

Hali ya Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili jirani katika Mkoa wa Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania. Gari lililoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 400 kufika huko, na mara nyingi huwa limepita kwa wamiliki kadhaa. Fundi aliyefunga alamu yake mjini hawezi tena kuulizwa.

Majira nayo yana nafasi yake. Zao kuu la biashara ni korosho, na wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huunganishwa na chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha zake hununua pikipiki na magari. Wakati huo ardhi ni kavu. Gari linalonunuliwa hapo huweza kufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, kisha mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka maji huingia chini ya zulia, hufikia maungio yaliyofungwa kwa tepu, na gari hukataa kuwaka. Mnunuzi hudhani kwamba ameuziwa injini mbovu, ilhali kilichoharibika ni kipande cha waya cha swichi ya siri ambayo hakuambiwa kuwa ipo.

Vumbi na mtikisiko wa barabara za udongo hulegeza maungio na kusugua nyaya kwenye kingo za bati. Joto hulainisha gundi ya tepu mpaka ikajifungua yenyewe. Panya nao, ambao huvutwa na mazao yaliyohifadhiwa karibu na gari, hutafuna ganda la waya.

Mkoa huo una pia madini, yakiwemo madini ya grafiti ya Ruangwa. Magari yaliyowahi kufanya kazi kwenye migodi, popote pale, huwa yalifungwa taa za kumulika juu ya paa, redio za mawasiliano na bendera yenye taa. Yanapouzwa, vifaa hivyo huondolewa, na nyaya nene zilizounganishwa moja kwa moja na betri huweza kubaki.

Hatari

Moto. Hatari kubwa zaidi ni waya unaotoka kwenye betri bila fyuzi. Betri ya gari ina volti 12 tu (malori makubwa hutumia 24), kiasi kisichoweza kumrusha mtu, lakini inaweza kutoa mkondo wa mamia ya ampea kwa muda mfupi. Waya wake wa chanya ukichubuka na kugusa bati la gari, ambalo limeunganishwa na hasi, hutokea shoti: waya hupata joto kali ndani ya sekunde chache na kuwasha plastiki na zulia lililo karibu.

Fyuzi hulinda waya, na si kifaa kilicho mwisho wake. Mfano wa hesabu unaonyesha jambo hilo. Spotilaiti mbili za wati 100 kila moja hutumia jumla ya wati 200. Mkondo hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa volti: 200 ÷ 12, yaani karibu ampea 17. Zikiunganishwa kwa waya mwembamba wa spika, waya huo utapata joto hata kama hakuna shoti. Fyuzi ya ampea 10 itakatika kila mara. Mtu akichoka na kuweka ya ampea 30, au akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, taa zitawaka, na kitakachoungua sasa ni waya.

Kuisha kwa betri. Gari lililozimwa huendelea kutumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, alamu na kompyuta zake. Kwa kawaida kiasi hicho hakizidi ampea 0.05. Kifaa kilichosahaulika kikitumia ampea 0.5, betri ya uwezo wa ampea-saa 45 itakuwa tupu baada ya saa 90 (45 ÷ 0.5), na itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi ya hapo, pengine siku ya pili. Wenye magari wengi hununua betri mpya mara mbili au tatu kabla ya kutafuta waya.

Kuzimika njiani. Swichi ya siri na alamu nyingi hukata waya wa stata, wa pampu ya mafuta au wa swichi ya ufunguo. Ungio hilo likilegea wakati gari linatembea, injini huzima ghafla, na usukani na breki huwa vigumu. Jambo hilo likitokea usiku kwa gari lililojaa abiria, hatari yake ni kubwa kuliko ya wizi uliokusudiwa kuzuiwa.

Kufuatiliwa. Baadhi ya nyaya huishia kwenye kisanduku kidogo chenye laini ya simu kinachotuma mahali gari lilipo. Anayepokea taarifa hizo huweza kuwa mmiliki wa zamani au mkopeshaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mnunuzi ana sababu ya kutaka kujua nani anaona safari zake. Kwa upande mwingine, kifaa hicho huweza kuwa dalili kwamba gari liliwekwa dhamana ya mkopo ambao haujaisha. Kwa hiyo kabla ya kukiondoa, umiliki na deni la gari huthibitishwa kwanza.

Kutofautisha na nyaya za kiwandani

Si kila waya unaoning'inia chini ya dashibodi ni wa kuongezwa. Kiwanda hutumia fungu moja la nyaya kwa matoleo mengi ya gari lilelile, na toleo la bei nafuu hubaki na soketi zisizo na kifaa, kwa mfano za taa za ukungu. Soketi hizo huachwa zilivyo.

Nyaya za kiwandani kwa kawaida:

- huwa na rangi mbili, rangi kuu na mstari mwembamba;
- hufungwa kwa pamoja ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo au tepu iliyozungushwa kwa ulinganifu;
- hushikwa na vibanio kwenye mwili wa gari;
- huishia kwenye soketi zinazoingiliana kwa kubofya.

Nyaya za kuongezwa mara nyingi huwa na rangi moja, hupita juu ya mafungu mengine au chini ya zulia, huungwa kwa kusokotwa na tepu, na hupenya tundu la bati lisilo na mpira wa kuzikinga. Wakati mwingine ni waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu wa shaba. Waya huo haufai kwa gari, kwani hukatika kwa mtikisiko. Waya wa gari huwa na nyuzi nyingi nyembamba.

Rangi husaidia kwa kiasi. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, njano ni umeme wa muda wote, nyekundu ni umeme wa swichi ya ufunguo, nyeusi ni hasi, na rangi ya chungwa hutoka kwenye taa ndogo. Lakini kila kiwanda cha magari kina rangi zake, na fundi aliyeishiwa waya hutumia uliopo. Hivyo rangi ni dokezo tu, na uthibitisho hutoka kwenye kipimo.

Rangi mbili huhitaji tahadhari ya pekee. Soketi na maganda ya njano chini ya usukani na viti mara nyingi ni za mifuko ya hewa, ambayo huweza kulipuka ikipimwa vibaya. Nyaya nene zenye ganda la rangi ya chungwa katika magari ya haibridi, kama Toyota Prius, hubeba umeme unaoweza kuzidi volti 200 na huweza kuua. Zote mbili huachiwa fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Namna ya kuzitambua

Kazi hufanywa mchana, gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na gia imeachwa huru au katika P. Tahadhari hiyo ni ya lazima, kwa kuwa gari lenye kifaa cha rimoti huweza kujiwasha wakati mikono ya fundi iko ndani. Kifaa kikuu ni mita ya umeme ya kidijiti. Taa ya kupimia yenye balbu haifai kwa nyaya zisizojulikana, kwa sababu huvuta mkondo unaoweza kuharibu kompyuta ya gari.

1. Muuzaji huulizwa. Maswali matatu hutosha: gari liliwahi kufungwa nini, nani alifunga, na nini kimeondolewa.

2. Kila kitu hujaribiwa na kuandikwa kabla ya kugusa waya wowote: taa zote, honi, indiketa, waipa, redio, vioo na kufuli. Bila orodha hiyo haitajulikana baadaye kama kilichoharibika kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

3. Ukaguzi huanzia kwenye betri. Nyaya zilizoongezwa kwenye ncha ya chanya huhesabiwa, na kila moja huangaliwa kama ina fyuzi karibu na betri. Usio na fyuzi hushughulikiwa kwanza, kabla ya mengine yote.

4. Kila waya hupigwa picha, hufungwa kijikaratasi chenye namba, na kufuatwa kwa mkono pande zote mbili. Pale unapopotea ndani ya fungu, ncha ya hasi ya betri hufunguliwa, kisha mita hutumika kupima kama ncha mbili zinazodhaniwa ni za waya mmoja zimeungana kweli.

5. Betri ikiwa imeunganishwa tena, volti hupimwa katika hali tatu: ufunguo umetolewa, umezungushwa hatua ya kwanza, na umefika hatua ya kuwasha vifaa vyote bila kuwasha injini. Waya wenye volti 12 wakati wote hutoka kwenye betri. Wenye volti hizo ufunguo unapozungushwa tu hutoka kwenye swichi. Unaopata umeme taa ndogo zikiwashwa umeungwa kwenye taa.

6. Kama betri huisha, hupimwa mkondo. Mita huwekwa kwenye ampea 10 na kuunganishwa kati ya ncha ya hasi ya betri na waya wake uliofunguliwa. Milango hufungwa, na hungojewa kama nusu saa ili kompyuta za gari zitulie. Wakati huo gari haliwashwi, maana mkondo wa stata utaunguza mita. Mkondo ukiwa mkubwa, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine; ile inayoushusha inaonyesha njia ya kufuata. Mkondo usiposhuka kwa fyuzi yoyote, kuna waya unaokwepa boksi la fyuzi.

Rilei zilizoongezwa hutambulika kwa kisanduku kidogo cheusi chenye namba. 30 kwa kawaida ni umeme unaoingia, 87 ni unaokwenda kwenye kifaa, na 85 na 86 ni za kuiamsha. Fundi akizisoma hujua rilei inakata au inawasha nini.

Kuondoa, kutengeneza au kuacha

Waya ukishajulikana, huamuliwa moja kati ya mambo matatu.

Kuondoa hufaa kwa kifaa kisicho na kazi, kama ETC. Huanzia kwenye chanzo cha umeme na si kwenye kifaa. Anayekata waya nyuma ya kifaa na kuacha upande wa betri ametengeneza ncha yenye umeme inayozunguka ndani ya dashibodi. Kwa alamu na swichi ya siri kuna hatua ya ziada: waya wa kiwandani uliokatwa ili kuzipitisha lazima uunganishwe tena, la sivyo gari halitawaka. Hili ndilo kosa la kawaida la anayekata waya kwa kudhani ni takataka.

Kutengeneza hufaa kwa kifaa kinachotakiwa. Waya huchaguliwa kwa unene unaolingana na mkondo, fyuzi huwekwa karibu na betri, vifaa vizito kama spotilaiti huwashwa kupitia rilei, na tundu la bati huvalishwa mpira. Maungio hubanwa kwa kibanio maalumu au hulehemiwa, kisha hufunikwa kwa bomba linalosinyaa kwa joto. Tepu pekee haitoshi.

Kuacha ni uamuzi halali pale waya unapojulikana, una fyuzi na haudhuru, au unapogusa mifuko ya hewa, breki za kompyuta au kompyuta ya injini. Kuacha kwa kujua ni tofauti na kuacha kwa kutojua. Kwa mabasi ya abiria ya masafa marefu, kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) si cha mmiliki kuondoa apendavyo.

Umeme wa magari ni fani inayojitegemea, na ni miongoni mwa zinazofundishwa na vyuo vya VETA. Fundi wa injini, hata akiwa hodari, si lazima awe na mita au mazoea ya kuitumia. Mwenye gari anaweza kumpima fundi kwa jambo moja jepesi: kama anapima kabla ya kukata.

Dalili za hatari na hatua za haraka

Harufu ya plastiki inayoungua, fyuzi moja inayokatika mara kwa mara, swichi yenye joto, au taa zinazofifia bila sababu ni dalili za kusimama na kukagua. Moshi ukitokea, gari husimamishwa pembeni, ufunguo huzimwa na abiria wote hushuka kwanza. Ncha ya hasi ya betri hufunguliwa ikiwa tu hakuna mwali. Boneti yenye moto chini yake haifunguliwi wazi, kwa kuwa hewa huuchochea. Kizima moto cha unga mkavu hupulizwa kupitia uwazi mdogo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114. Vijijini, ambako kikosi kiko mbali, kizima moto kilicho ndani ya gari ndicho tegemeo la kwanza.

Kumbukumbu

Tatizo la nyaya zisizotambulika hutokana zaidi na ukosefu wa maandishi kuliko na ubovu wa vifaa, kwani kila waya ulikuwa na mtu aliyeujua siku ulipofungwa. Karatasi moja inayokaa pamoja na nyaraka za gari hutosha kulizuia. Huandikwa kifaa kilichofungwa, tarehe, mahali kilipochukua umeme, ampea za fyuzi na mahali fyuzi hiyo ilipo, rangi ya waya, na waya wa kiwandani uliokatwa kama upo. Kifaa kinapoondolewa, nacho huandikwa.

Karatasi hiyo hukabidhiwa mnunuzi pamoja na kadi ya gari.